Binti yangu alilia kila jioni, nikaambiwa maziwa hayamtoshi, nikampa uji. Njooni niwasimulie (uzi mrefu)

Mama_Nyathi, Kisumu:

Wazazi wenzangu, hamjambo. Nimekuwa msomaji tu humu tangu nikiwa na mimba ya miezi sita. Leo naandika kwa sababu jana jirani yangu hapa Manyatta alibisha hodi akiwa na mtoto wa wiki tisa mgongoni na kichujio cha chai mkononi, akitaka nimfundishe kuchuja uji wa mtoto. Nikamvutia kiti. Niliyomwambia ndiyo haya, kwa kuwa mimi sikupata wa kunivutia kiti.

Binti yangu alizaliwa na kilo 3.2. Aliwekwa kifuani kabla hata hajafutwa vizuri, na saa moja haijaisha alikuwa ameshanyonya ile dang'a ya manjano, maziwa ya kwanza. Wiki mbili za kwanza shida ilikuwa chuchu tu. Zilichubuka hadi nikawa nauma leso kila anaposhika. Nesi mmoja akanionyesha: ingiza kidole pembeni mwa mdomo umwachishe, subiri apanue kinywa kama anayepiga mwayo, kisha mlete kwenye titi abebe na ule weusi, asing'ang'anie ncha. Baada ya siku tatu nikawa nanyonyesha huku nachambua mboga.

Ndipo kilio kikaanza. Saa kumi na mbili jioni, matatu za Kondele zikianza kugombania abiria, naye huyo. Ananyonya dakika tano, anaachia, anajikunja, analia, anataka tena. Titi hili, lile, hili tena, mpaka saa nne usiku. Kesho mchana ni mtoto mwingine kabisa, anacheka na pazia. Na jioni hiyo matiti yamelegea kama soksi, nikikamua napata vijiko viwili. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Siaya kunisaidia. Alitazama siku nne bila neno. Ya tano akasema taratibu, "Nyathi kech kaye." Mtoto ana njaa.

Basi ikawa ni wimbo. Mama mboga, shemeji, hata kijana wa bodaboda aliyetupeleka kliniki. Na kliniki yenyewe, wiki ya kumi, mizani ilisema kilo 5.5 kutoka 4.6 ya wiki ya sita. Nesi akasema vizuri sana. Sikumsikia. Masikio yangu yalikuwa yamejaa kilio.

Wiki ya kumi na moja nikanunua unga wa mchanganyiko: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu na omena (dagaa), vyote vimesagwa pamoja. Nikaupika mwepesi, nikauchuja, nikautia kwenye chupa. Haukupita kwenye tundu. Nikapasha sindano kwenye moto wa gesi nikalipanua tundu lenyewe. Bado naiona ile sindano ikivuta nyuzi za mpira.

Akalala! Wiki moja kilio kikapungua, ya pili kikakaribia kwisha. Nilimpigia simu kila mtu kuusifu uji.

Wiki ya kumi na nne, mizani: kilo 5.6. Nesi akatia nukta kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto, akaunganisha kwa kalamu, akanigeuzia nione. "Mama, mstari umelala." Gramu mia tisa mwezi uliotangulia, gramu mia moja mwezi huu. Hakunifokea. Aliuliza mambo matatu: analowesha nepi ngapi, ananyonya mara ngapi kwa siku, na unampa nini kingine. Nepi zilikuwa nne, siku nyingine tatu. Alishaharisha mara mbili, nikasema ni meno. Kunyonya kulikuwa kumeshuka kutoka mara kumi hadi tano au sita.

Akanieleza hivi. Uji mwepesi ni maji zaidi ya chakula. Unajaza tumbo dogo, mtoto hatafuti titi, na titi lisilotafutwa hupunguza kazi. Si tangi linalojazwa usiku likaisha mchana. Ni chemchemi, ukiteka inaleta. Ule ulegevu wa jioni haukuwa ukame, na kukamua vijiko viwili hakupimi kitu, kwa kuwa mdomo wa mtoto hutoa maziwa kuliko mkono uliochoka.

Kisha akasema neno ambalo ndilo limeniandikisha uzi huu. Kilio cha jioni cha watoto wachanga huanza karibu wiki ya pili, hupanda mpaka kilele karibu wiki ya sita, halafu hushuka chenyewe na kufikia miezi mitatu au minne kimekwisha. Kwa anayepewa uji na kwa asiyepewa. "Uji wako," akasema, "ulifika ngoma ikivunjika, ukajitwalia tuzo."

Nilicheka, nikalia palepale kwenye benchi.

Nikaacha uji na chupa. Nilimnyonyesha kila alipogusa mdomo kwa ngumi, mchana na usiku, mara nyingi tukiwa ngozi kwa ngozi chini ya leso. Siku tatu za kwanza zilikuwa vita. Wiki ya kumi na nane: kilo 6.3, na nepi za mkojo saba. Sasa ana miezi minane. Ulizeni.

Kukhu_wa_Lurambi, Kakamega:

Mwanangu nimesoma yote, mjukuu amenisaidia kuandika. Mimi nimekuza watoto saba kwa uji wa wimbi kuanzia miezi miwili. Wote wazima, mmoja ni fundi mkubwa wa umeme huko Nakuru. Ninyi wa siku hizi mnaogopa hata wimbi?

BabaMpya_Naka, Nakuru:

😂😂 Kukhu ameingia na panga.

Mama_Nyathi, Kisumu:

Mulembe Kukhu. Wimbi siliogopi, sasa hivi analila kila asubuhi. Ni wakati tu nilioukosea.

Nesi_Mstaafu, Busia:

Kukhu, mulembe. Nami nililelewa kwa wimbi, na nimefanya kazi ya wodi ya watoto miaka mingi kuliko ninayopenda kuitaja. Naandika kwa heshima. Umesema saba uliowakuza. Sikuulizi walizaliwa wangapi.

Utumbo wa mtoto wa miezi miwili haujakomaa, na kila kijiko cha nje huingia na kilichomo kwenye maji, kwenye kikombe, kwenye kidole. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, kwa hiyo hata kwenye joto la Kisumu au la huku Busia mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji. Akisikia joto atanyonya mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Mara nane hadi kumi na mbili kwa siku ni kawaida, usiku ukiwemo. Usiku una faida yake pia, kichocheo kinachotengeneza maziwa hupanda saa hizo.

Miezi sita ya maziwa ya mama pekee haikutajwa kwa kubahatisha. Karibu na umri huo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua na maziwa peke yake hayaifidii. Sasa chakula kinahitajika kweli. Kabla ya hapo kinachukua tu nafasi ya kilicho bora.

Na mtoto akiharisha mkaona utosi umezama, hilo si jicho la mtu wala la kupaka mafuta. Maji yanamwishia. Endelea kunyonyesha, mkimbize hospitali. Vilevile akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akipumua mbiombio, akilegea asiamke vizuri. Homa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili haingojei asubuhi. Na kwetu huku kanda ya ziwa homa ya mtoto yeyote ipimwe malaria, usinunue dawa kwa kukisia.

Kukhu_wa_Lurambi, Kakamega:

Walizaliwa tisa.

Mama_Nyathi, Kisumu:

Pole sana Kukhu.

Nesi_Mstaafu, Busia:

Pole mama. Hukukosea kwa makusudi. Hakuna aliyekwambia, na maji ya siku zile tunayajua.

Mtu_wa_Kibos, Kisumu:

Samahani kuingilia. Na ile gripe water, ya kutuliza tumbo la mtoto, je? Wangu nampa kijiko jioni na inasaidia.

Nesi_Mstaafu, Busia:

Historia yake itakuchekesha. Ilianzia Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, kwa muuza dawa aitwaye William Woodward, na ile ya zamani ilikuwa na kileo ndani. Ya sasa haina, lakini bado ni maji matamu kwa mtoto anayetakiwa maziwa tu. Jioni mbeulishe begani, mbebe wima, tembea naye, zima taa kali. Kilio cha jioni mara nyingine ni uchovu. Mtoto aliyepitiliza usingizi naye hulia sana.

BabaMpya_Naka, Nakuru:

Hapo kwa usingizi ndipo penye yangu. Mvulana wetu alikuwa analala saa tano mfululizo akiwa na miezi mitatu, tukajiona mabingwa. Alipofika miezi minne anaamka kila saa mbili. Mke wangu anasema ni maziwa, mamangu anasema ni baridi, mimi nasinzia kazini. Nakuru usiku si mchezo, mamangu alikuja na jiko la makaa akaliweka chumbani, dirisha limefungwa. Nililitoa mimi mwenyewe. Shosho akanuna siku mbili.

Nesi_Mstaafu, Busia:

Baba, kununa kwa siku mbili ni bei rahisi sana. Moshi wa makaa usioonekana huua nyumba nzima ikiwa imelala. Mvalishe nguo moja zaidi ya unayovaa wewe, basi. Gusa shingo nyuma, kukiwa na jasho umemzidishia.

Miezi minne usingizi hubadilika, anaanza kulala na kuzinduka kama mtu mzima ila hajajua kujirudisha. Si maziwa. Mtoto wa hadi miezi mitatu hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, wa miezi minne hadi kumi na mmoja saa 12 hadi 16, na humo umo usingizi wa mchana. Alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto, bila blanketi zito karibu na uso, chandarua kimechomekwa. Mkilala naye kitandani, asiwepo aliyekunywa pombe wala anayevuta sigara. Na kwenye kochi kamwe. Wengi husinzia pale saa nane za usiku wakidhani wamekaa tu.

Mwalimu_wa_Kericho, Nakuru:

Kuhusu kuamka usiku niongezee la kwetu. Miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Charles Super na Sara Harkness, walikaa na Wakipsigis kijiji cha Kokwet wakifuatilia watoto wachanga. Mtoto wa Kimarekani wa miezi minne alikuwa analala kama saa nane mfululizo. Wa Kokwet saa nne na nusu. Alilala ubavuni mwa mama, akanyonya alipotaka, asubuhi akabebwa mgongoni mama akiendelea na shughuli. Hakuna aliyempeleka kwa daktari. Kwa hiyo Baba Mpya, mwanao ni mzima, ni saa yako ya kazi ndiyo haijamzoea.

Jambo jingine. Mwaka 1976 Super alichapisha kwamba watoto wa huko walikaa kitako na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya wa Marekani. Si miujiza ya damu. Walifundishwa. Kipsigis ina maneno ya kumfundisha mtoto kukaa na kumfundisha kutembea. Nilimwona kogo wangu, yaani nyanya yangu, akifanya hivyo: anachimba kishimo kidogo uani, anakizungushia blanketi, mtoto anawekwa humo kama yai kwenye kikombe. Anatazama kuku. Ila kutambaa walichelewa, kwa kuwa hakuna aliyewaacha chini peke yao.

Mtu_wa_Kibos, Kisumu:

Sisi tulitumia beseni na leso mbili 😂 Wangu ana miezi tisa hatambai, anajiburuta kwa makalio. Niogope?

Nesi_Mstaafu, Busia:

Hapana, kama anakaa vizuri, anashika kitu kwa mikono yote miwili na anageuka ukimwita. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na vipimo vikatoka mwaka 2006: kukaa bila kushikwa ni kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutembea peke yake kati ya 8.2 na 17.6. Tazama upana huo. Na wachache hawakutambaa kabisa, waliruka moja kwa moja kwenye kusimama dede, kisha tata.

Ninachokiogopa ni kingine: mtoto asiyetabasamu miezi mitatu imepita, asiyeshtuka kwa sauti, anayetumia upande mmoja wa mwili, au aliyekuwa anaweza jambo akaliacha. Huyo mpeleke bila kungoja miezi itimie.

Na ongea naye. Ukimwogesha mwambie huu ni mguu, haya ni maji. Kijaluo, Kiluhya, Kiswahili, yoyote unayoiota usiku.

Mama_Nyathi, Kisumu:

Kuna aliyeniuliza kwa faragha nilivyorudi kazini. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu na miezi sita ni sita, hesabu haikubali. Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamulia, penye maji ya kunawa, kiti na cha kupozea maziwa, na cha 72 kinatoa mapumziko ya hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Mkubwa wangu hakuwa amewahi kuisikia. Nilimsomea kwenye simu akatazama dari. Mwishowe nikapewa stoo. Nimekamua maziwa ya mwanangu nikiwa nimekalia katoni la misumari ya inchi nne, mlango nimeukingia ndoo ya rangi.

Mkono tu, bila mashine. Nawa, kanda titi taratibu, dole gumba juu na vidole chini nyuma ya ule weusi, bonyeza kuelekea kifuani, achia. Dakika za kwanza hakuna kitu, kisha yanaruka. Kwenye joto la hadi nyuzi 25 maziwa hukaa saa nne, na Kisumu mchana hupita hapo, kwa hiyo nilinunua boksi la kupozea kama la wauza samaki na barafu ya shilingi hamsini. Kwenye friji siku nne. Yakitengana mafuta juu usishtuke, tikisa taratibu, yapashe kwa kuweka kikombe ndani ya maji moto. Dada anayemlea alimpa kwa kikombe kidogo cha chuma, mtoto anayaramba kama paka. Chupa nilishaitupa pamoja na tundu langu la sindano.

Mtu_wa_Kibos, Kisumu:

Na hiyo omena unampaje? Wangu anatema.

Mama_Nyathi, Kisumu:

Nanunua kule ufukweni Dunga, zilizokauka vizuri na zisizo na mchanga. Natoa vichwa, naosha kwa maji moto, naanika tena, nakaanga kavu kwenye sufuria mpaka zivunjike kwa vidole, nasaga peke yake. Peke yake! Ule unga wa vitu sita kwa pamoja niliuacha. Njugu zikiota ukungu zina sumukuvu na huwezi kuiona, na mtoto akitoka vipele hujui ni kipi kimemkataa.

Kijiko cha chai cha unga wa omena ndani ya viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa, vilivyopondwa na mboga ya managu kidogo. Akitema mpe tena kesho, wangu alitema mara nane ndipo akakubali. Uji uwe mzito, usidondoke ukiinamisha kijiko. Mara mbili hadi tatu kwa siku kwa umri huu, na titi palepale. Yai nampa. Asali simpi mpaka atimize mwaka. Chai hapana, inazuia ile chuma.

BabaMpya_Naka, Nakuru:

Wa Nakuru wenzangu, angalieni maji ya kisima mnayopikia. Huku kwetu kisima kingi kina floridi, ndiyo hayo meno ya kahawia. Kuchemsha hakuitoi, inabaki maji yakipungua. Sisi tunapika kwa maji ya mvua tuliyochemsha.

Nesi_Mstaafu, Busia:

Vizuri baba. Na miezi sita ikifika kuna matone ya vitamini A kliniki, na kwa sisi wa kaunti za ziwa na magharibi kuna chanjo ya malaria, iliyoanza huku mwaka 2019. Miezi sita, saba, tisa, kisha miaka miwili. Ile ya miaka miwili ndiyo watu husahau. Chandarua kibaki palepale.

Mama_Nyathi, Kisumu:

Jirani yangu amenitumia ujumbe sasa hivi: jana na leo nepi saba. Kichujio amekirudisha kwenye chai.

Kukhu_wa_Lurambi, Kakamega:

Mke wa kitinda mimba wangu anajifungua mwezi ujao. Nitanyamaza mpaka miezi sita. Ikifika wimbi ni langu, mtu asiniguse.

Mama_Nyathi, Kisumu:

Wimbi ni lako Kukhu, hakuna atakayekugusa. Bila sukari tu.

Kukhu_wa_Lurambi, Kakamega:

Bila sukari??